Kutafuta Maporomoko Singida

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umetoka Singida, atakuuliza kwanza habari za kuku. Akimaliza kuku atahamia kwenye alizeti, na akiwa mjuzi kidogo atamalizia na asali. Hajatokea hata mmoja akaniuliza habari za maporomoko ya maji. Lakini mwaka huu sisi vijana wachache wa hapa mjini, wapenda kalamu, tumekubaliana kwamba Jumapili moja moja tutembee kwa miguu, tutoke asubuhi na kurudi jioni, tuone kitu cha kuandika. Mimi ndiye niliyetwishwa kazi ya kupanga safari. Na neno la kwanza lililotoka kikaoni lilikuwa hili: "Tupeleke kwenye maporomoko, mshikaji, kama wenzetu wa Moshi."

Wenzetu wa Moshi wamejaliwa, tusibishe. Mlima Kilimanjaro unakinga mvua, misitu inaitunza, na maji yanateremka mwaka mzima. Kijana wa Moshi anaweza kupanda gari asubuhi mpaka Materuni, akatembea katikati ya migomba na kahawa, akaoga kwenye maporomoko, na jioni akala kwao. Rukwa nako kuna Kalambo, mpakani na Zambia, ambako mto unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Sisi tuna nini? Tuna uwanda wa juu, msimu mmoja wa mvua na majabali. Mvua kubwa ikipiga utayaona maji yakiporomoka juu ya mwamba mpaka moyo unafurahi. Ukirudi baada ya siku chache unakuta alama nyeusi tu, kama machozi yaliyokauka shavuni.

Basi mmoja wetu akatoa hoja kwamba tuchange nauli twende huko huko Moshi, Singida hakuna kitu. Hoja hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kusoma, na ndiyo inayonifanya niandike ukurasa huu. Maana mpenzi msomaji, maji ya Singida yana historia yake, na wako watu waliokufa katika kuyafuata.

Kwanza tuyajue yenyewe. Maji mengi ya mvua inayonyesha upande wetu huu hayaifikii bahari. Ya kaskazini na magharibi huteremkia kwenye mbuga ya Wembere, yakaingia Ziwa Kitangiri kule Iramba, yakatoka kwa Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi. Eyasi haina mlango wa kutokea. Maji yanafika pale, jua linayanywa, chumvi inabaki. Hata maziwa yetu mawili ya mjini, Singidani na Kindai, ni maji ya chumvi kwa sababu hiyo hiyo: yanapokea, hayatoi. Ni huku kusini tu, Manyoni, ambako Mto Kizigo unachukua sehemu ya maji na kuyapeleka Mtera, yakajiunga na Ruaha Mkuu, na mwisho Rufiji na Bahari ya Hindi.

Sasa msikilize Mzungu mmoja. Mwezi Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya 350. Hakufuata njia kuu ya Tabora. Alipofika Ugogo alikata kwenda kaskazini-magharibi, akaingia misitu, na njaa ikawashika. Hali ilikuwa mbaya hata sanduku la bati likageuzwa sufuria, wakapikiwa humo uji mwepesi wa kugawana kikombe kikombe. Kisha wakatokeza Suna, katika nchi ya Warimi, ndio sisi tunaoitwa Wanyaturu. Ilikuwa Januari 1875. Katika nchi yetu Januari ni mwezi wa jembe, si wa ghala. Mtama uko shambani bado, na mwenyeji anahesabu debe la mwisho. Katika mwezi huo ndipo mamia ya wageni wenye njaa na bunduki walipobisha hodi.

Hapo Stanley aliona vijito vya mvua vikiteremka, akapata furaha kubwa. Akaandika kwamba amekanyaga chanzo cha kusini kabisa cha Mto Nile! Kwa hesabu yake maji ya kwetu yalikuwa yanakwenda Simiyu, yanaingia Ziwa Viktoria, na kutoka hapo yanaanza safari ya Misri. Fikiria basi, tone la mvua ya Singida lipite maporomoko yote ya Nile mpaka bahari ya Mediterania. Ni habari tamu, ila si kweli. Aliunganisha kwa wino mito ambayo ardhini haiungani. Maji aliyoyaona yalikuwa ya Wembere, yanakwenda zake Kitangiri na Eyasi kufa kwenye chumvi. Miaka kama 17 baadaye Mwaustria Oscar Baumann alilifikia Eyasi, na hadithi ya Nile kutokea kwetu ikaanza kuchuja.

Lakini kabla haijachuja ilikuwa imekwisha kula watu. Tarehe 17 Januari 1875, mahali alipopaita Chiwyu, alikufa kijana Mwingereza aliyeitwa Edward Pocock kwa homa. Walimzika chini ya mgunga, na Stanley akaandika kwamba kaburi liko kwenye vyanzo vya Nile. Edward alikuwa amekuja na nduguye Frank. Huyu Frank aliendelea na msafara mpaka Kongo, na mwezi Juni 1877 mtumbwi wake ukamezwa na maji makali ya mto ule, akafa. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja alizikwa kwetu, kwenye nchi isiyo na maporomoko, na mwingine akazamishwa na maporomoko yenyewe.

Hao wawili wametajwa sana. Sasa nimtaje wa tatu, ambaye ndiye aliyeniondolea usingizi. Stanley analiandika jina lake Kaif Halleck. Alikuwa mchukuzi wa barua. Mwaka 1870 alipewa mfuko wa barua za Daktari Livingstone aupeleke bara kutoka Unguja, na mwaka uliofuata Stanley akamkuta Tabora na mfuko wake. Katika safari hii ya pili alikuwemo tena. Alikuwa mgonjwa, akabaki nyuma ya wenzake njiani, na akauawa kabla ya kufika Vinyata, katika nchi ya Ituru. Siku chache baadaye vita vikazuka hapo Vinyata kati ya msafara na wenyeji. Watu zaidi ya 20 wa msafara waliuawa. Kwa upande wa wenyeji vijiji vilichomwa moto na nafaka ikachukuliwa, ile ile nafaka ya Januari.

Yote haya tunayajua kwa kalamu ya upande mmoja. Wanyaturu wa Vinyata hawakuandika. Wapagazi waliokufa nao hawakuandika. Kaif Halleck alibeba maneno ya watu wengine maili kwa maili, na la kwake hatunalo hata moja. Ndugu zangu wenye kutaka kuwa waandishi, tukisema "Singida hakuna kitu" tunakuwa tumewazika watu hawa mara ya pili, tena safari hii kwa mikono yetu.

Turudi kwenye kupanga safari, kwa maana hapo pia wapagazi wanatushinda. Kusini mwa mkoa wetu, sehemu kubwa ya Manyoni na Itigi ya leo, ndiko ilikokuwa Mgunda Mkali, jina lililomtisha kila mpita njia wa karne ya kumi na tisa. Burton na Speke waliivuka 1857 wakielekea Tabora. Speke alirudi na Grant mwishoni mwa 1860, akakwama kwa mvua na njaa, wapagazi wakamtoroka. Ni vichaka vya miiba, watu wachache, maji ya kubahatisha. Baadhi ya vituo vyake viliitwa kwa mawe, kama Jiwe la Mkoa na Jiwe la Singa, kwani penye jabali ndipo maji ya mvua yalipodumu.

Wapagazi walikuwa na neno lao kwa siku ya hatari: tirikeza. Maana yake msafara unapumzika kwenye maji mpaka adhuhuri, watu wanapika, wanakunywa, wanajaza vibuyu. Jua likianza kuinama wanaondoka, wanatembea hadi usiku, wanalala pakavu. Alfajiri wanaondoka tena, na kabla jua halijawa kali wanakuwa wamefika kwenye maji ya pili. Kwa hiyo kiu wanaigawa nusu mbili, na nusu zote mbili zinaangukia wakati wa ubaridi. Anayepanga ni kirangozi. Sifa yake ya kwanza ni kujua maji yako wapi. Nguvu za miguu zinakuja baadaye. Reli ya Wajerumani ilipopita huko na kufika Tabora mwaka 1912, Mgunda Mkali ikawa ya kuangaliwa dirishani, na neno tirikeza likaanza kusahaulika.

Mimi nimelirudisha kwenye daftari langu. Hii ndiyo mipango niliyowapelekea wenzangu.

Safari ya kwanza ni ya miguu mitupu: kutoka mjini kwenda Kindai, kisha Singidani. Tuondoke kabla jua halijachomoza, tupumzike chini ya majabali adhuhuri, turudi jua likiinama. Kila mtu na maji yake ya kunywa, maana utatembea kando ya maziwa mawili na hutapata funda moja la kukata kiu. Huenda tukawakuta heroe wamesimama majini na miguu yao myembamba. Hapo kila mtu aandike kurasa mbili juu ya maji yasiyotoka.

Safari ya pili ni Sekenke. Hii inataka basi la kwenda Nzega, tushuke kwenye mlima, tukae mbali na barabara kwa sababu malori ya pale hayana masihara. Sekenke watu wanaijua kwa dhahabu. Wajerumani walianza kuichimba karibu na 1909, na vita vilipowabana mwaka 1916 walitengeneza Tabora sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka huko. Lakini mimi sitawapeleka kwa ajili ya dhahabu. Nitawasimamisha ukingoni waitazame Wembere chini, pana, tambarare, inakimbilia macho yanakoishia. Wanaotaka maporomoko watayaona hapo. Kilichoporomoka ni nchi yenyewe, na maji yanaifuata chini taratibu, yakienda kinyume na ramani ya Stanley.

Yule aliyetaka tuchange nauli bado ana shaka. Ameniuliza, "Sasa huko tutapiga picha ya nini?" Nimemwambia aje na kalamu na kibuyu, picha tutaona. Moshi tutakwenda siku moja, tukijaliwa, nami nitaoga Materuni kama wenzangu. Ila riwaya ninayoiandika inaanzia kwetu, mwezi Januari, mtama haujaiva, na njiani yuko mtu mgonjwa aliyeachwa nyuma na msafara, ambaye kazi yake maisha yake yote ilikuwa kupeleka barua za watu.