Ridhaa

Kwenye ukanda wa chumvi, Marereni hadi Gongoni, mgonjwa akiambiwa nyama iliyokufa kidondani itakatwa, hujibu, “Haya.” Muuguzi anaandika: ameridhia. Nina shaka. Ridhaa ni ndugu wa radhi. Humtoka aliyeelewa, tena mwenye nafasi ya kukataa. “Haya” ya kibarua anayewahi zamu yaweza kuwa uchovu tu, au kumstahi “daktari” (huku hata muuguzi ni daktari). Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kwa bibi anayezungumza Kigiriama, Kiswahili cha chuoni hakitoshi. Mwombe akueleze kwa maneno yake atakachofanyiwa, ndipo uandike.