Pango la mnara wa simu

Pango la mnara wa simu (huitwa pia kodi ya mnara) ni malipo ambayo kampuni ya simu au kampuni ya minara humpa mwenye ardhi au mwenye jengo kwa kuruhusu mnara wa mawasiliano usimikwe katika eneo lake. Malipo hayo huwekwa katika mkataba wa upangishaji wa miaka mingi. Wanaoyapokea ni watu binafsi, familia, vijiji, shule, misikiti, makanisa na wenye majengo marefu mijini.

Katika mazungumzo ya kawaida neno "kodi" lina maana mbili: fedha anazolipwa mwenye nyumba au ardhi, na fedha zinazolipwa serikalini. Katika makala hii "pango" ni malipo ya mwenye eneo, na "kodi" ni ile ya serikali. Makala inahusu hasa Tanzania Bara.

Historia

Huduma ya simu za mkononi ilianza Tanzania mwaka 1994 kupitia Mobitel. Zantel, Vodacom na Celtel zilifuata kati ya 1999 na 2001. Wakati huo kila kampuni ilijenga minara yake na kuingia mkataba na mwenye eneo moja kwa moja.

Baadaye kampuni za simu zilianza kuuza minara kwa kampuni ambazo kazi yake ni kumiliki minara tu na kuipangisha kwa mitandao. Helios Towers ilinunua minara ya Tigo kufuatia makubaliano ya mwaka 2010, na ile ya Vodacom mwaka 2013. Mwaka 2021 Airtel nayo ilitangaza kuuza minara yake. Majina ya mitandao pia yalibadilika: Celtel ikawa Zain, kisha Airtel, Mobitel ikawa Buzz, Tigo na sasa Yas. Kwa sababu hiyo mwenye eneo aliyetia sahihi na kampuni moja anaweza kujikuta akilipwa na nyingine. Kwa kawaida mkataba wa zamani huhamia kwa mmiliki mpya pamoja na masharti yake yote.

Eneo linalopangishwa

Mnara wa ardhini huhitaji kiwanja kidogo chenye uzio, ndani yake kukiwa na mnara wenyewe, makabati ya mitambo, betri, na mara nyingi jenereta au paneli za sola. Kiwanja cha mita 15 kwa 15, kwa mfano, kina mita za mraba 225, yaani karibu sehemu ya 18 ya ekari moja. Mnara unaoshikiliwa na nyaya huchukua nafasi zaidi kwa ajili ya nguzo za kufungia nyaya hizo. Mijini vifaa huweza kufungwa juu ya paa.

Hata hivyo, mkataba hugusa zaidi ya kiwanja. Mafundi na magari ya mafuta hupita saa zote, hivyo njia ya kufikia mnara huwa sehemu ya makubaliano. Mwenye eneo huweza pia kuzuiwa kujenga au kupanda miti mirefu karibu.

Nani mwenye haki ya kupangisha

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini. Mwananchi humiliki haki ya kuitumia, na haki hiyo ndiyo anayoweza kuipangisha. Kampuni huomba uthibitisho wa umiliki, kama vile hati miliki, hati ya hakimiliki ya kimila, au barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Katika ardhi ya kijiji hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli katika maamuzi makubwa. Pango la mnara uliojengwa kwenye ardhi ya kijiji ni mapato ya kijiji, na yanapaswa kuonekana katika taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele ya wananchi.

Katika familia, swali la mwenye haki huibuka zaidi baada ya kifo. Mkataba wa miaka 15 unaweza kumzidi umri aliyeutia sahihi. Akifariki, kampuni kwa kawaida hudai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani kabla ya kubadili jina la mlipwaji. Aidha, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Kiasi cha pango

Hakuna bei elekezi ya serikali; pango ni matokeo ya mapatano. Hutegemea mambo yafuatayo:

- mahali: katikati ya mji hulipa zaidi kuliko kijijini;
- uhaba wa maeneo mengine yanayofaa, kwa mfano kilima kimoja kinachoona bonde zima;
- ukubwa wa eneo, umbali wa barabara na upatikanaji wa umeme;
- idadi ya mitandao inayotarajiwa kutumia mnara.

Kampuni huwa na ramani ya mawimbi na orodha ya maeneo mbadala. Mwenye eneo mara nyingi hajui jirani yake analipwa kiasi gani. Tofauti hii ya taarifa ndiyo chanzo kikubwa cha mapango yanayolalamikiwa baadaye.

Nyongeza na mfumuko wa bei

Kifungu cha nyongeza huwa na uzito kuliko kiasi cha mwaka wa kwanza. Tuchukue mfano wa pango la shilingi 3,000,000 kwa mwaka lisilobadilika. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 fedha hizo zitanunua vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa takriban shilingi 1,842,000. Mpokeaji atakuwa amepoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani ingawa tarakimu ni ileile. Pango lenye nyongeza ya asilimia 10 kila baada ya miaka 3 lingekuwa limefikia shilingi 3,993,000 katika mwaka wa kumi.

Kodi ya zuio

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni inayolipa pango hukata kodi ya zuio na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa mpangishaji mkazi kiwango ni asilimia 10. Katika mfano wa juu, shilingi 300,000 hukatwa na mwenye eneo hupokea 2,700,000. Mkataba unapaswa kueleza kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi. Mwenye eneo ana haki ya kupewa hati ya kodi iliyokatwa.

Kuchangia mnara

Mnara mmoja unaweza kubeba vifaa vya mitandao kadhaa, na kila mtandao hulipa kampuni ya minara. Mwenye ardhi hapati sehemu ya mapato hayo isipokuwa mkataba umesema hivyo. Baadhi ya wenye maeneo huomba nyongeza kwa kila mtandao unaoongezwa; kampuni nazo huona kwamba ardhi inayotumika ni ileile.

Mwisho wa mkataba na migogoro

Mikataba mingi huipa kampuni nafasi ya kujitoa mapema kwa taarifa ya miezi michache, wakati mwenye eneo hawezi kufanya hivyo kwa urahisi. Masuala mengine ni nani atang'oa mnara na msingi wa zege, na nani atafidia mazao yaliyoharibiwa. Malalamiko ya kawaida ni malipo kuchelewa, kelele za jenereta na ndugu kugombania mlipwaji.

Mabaraza ya ardhi ya kijiji na kata husuluhisha. Yakishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Katika nchi nyingine

Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii uidhinishwe na theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii. Nchini Uingereza, mabadiliko yaliyoanza Desemba 2017 yaliagiza thamani ya ardhi ipimwe bila kuzingatia matumizi yake ya mawasiliano. Wenye maeneo wengi waliona mapango yakishuka sana wakati wa kuhuisha mikataba.

Tazama pia

- Hati miliki
- Mirathi
- Mfumuko wa bei
- Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania