"Mama, mwaka huu tunachukua?" (Sehemu ya 3)

Leo naacha kidogo mambo ya uji na chanjo, naingia mpirani. Usikimbie, na hili linakuhusu.

Huku kwetu Kivukoni mwezi wa nane unaujua. Mpunga umeshavunwa, hela kidogo ipo, jezi mpya zimetundikwa kila kona. Baba watoto anataja majina ya waliosajiliwa utadhani amewazaa yeye. Juzi mwanangu wa miaka 8 akaniuliza: "Mama, mwaka huu tunachukua?" Sisi ni Simba. Nikakosa jibu, maana nilikumbuka Novemba 2023. Yanga walitufunga 5-1, na usiku ule mtoto alilala hajala.

Basi nikaanza kumsimulia tulikotoka, na wewe nakusimulia.

Yanga ilianza 1935. Wetu walifuata 1936, wakaitwa Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland. Jina la Simba limekuja 1971. Miaka mitatu tu baadaye, 1974, Simba wakafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Wakatolewa na Mehalla ya Misri kwa penati. Wazee wetu wakasema, mwakani.

Mwakani hiyo ilichelewa jamani. 1993 tukaingia fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Kule kwao tulitoka 0-0, nchi nzima ikajua kombe limeshafika. Tukafungwa 2-0 hapahapa Dar es Salaam! Kuna akina baba mpaka leo ukiwatajia Stella wanabadilisha mazungumzo.

Halafu 2003 tukawavua ubingwa Zamalek, tena kwa penati, kwao Cairo, Juma Kaseja akiwa golini. Unaona? Shabiki haoti hewani. Anatumaini kwa sababu kuna siku ilishawahi kutokea.

Kuanzia 2009 matumaini haya yakapewa na siku yake, Simba Day, mwezi wa nane. Watu wanajaza uwanja kabla hata mechi moja ya ligi haijachezwa. Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi. Siku hiyo hakuna aliyefungwa, wote ni mabingwa.

Na wenzetu wa Yanga msitucheke sana. 2023 mlifika fainali ya Kombe la Shirikisho, mkafungwa 2-1 nyumbani, mkaenda Algiers mkashinda 1-0, na kombe bado likabaki kwa USM Alger kwa goli la ugenini. Sisi Mei 2025 tulifungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, tukaja Zanzibar tukatoka 1-1. Kwenye ligi tumegawana: Simba mara nne mfululizo, 2018 mpaka 2021, Yanga mara nne, 2022 mpaka 2025.

Kwa hiyo nimemjibu mwanangu: "Sijui baba. Tutaangalia wote." Akaniambia, "Basi tunachukua." Akatoka kwenda kucheza chandimu.

Mama, nakuomba mambo matatu msimu huu. Kwanza, mtoto akilia timu imefungwa, usimwambie "mpira tu huo." Kwake ni msiba, kaa naye kidogo, halafu ale. Pili, jezi inunuliwe baada ya chakula na bima, na hela ya mtoto isiende kwenye mikeka. Kutumaini ni bure, kubeti siyo bure. Tatu, baba akienda kibanda umiza usiku, mtoto abaki nyumbani alale ndani ya neti. Mbu wa bonde letu hawana timu.

Sehemu ya 4 nitaandika jinsi ya kumlaza mtoto anayegoma kulala. Kwa leo niambie hapo chini: kwako wanakaa wekundu, kijani, au mmechanganyika?

Uwe na msimu mwema, dada.