BARAFU YA KILIMANJARO: NI SISI AU NI MAJIRA TU?

Wadau, juzi kijiweni ulizuka ubishi nusura watu washikane mashati. Mmoja anasema barafu ya Kilimanjaro inaisha kwa moshi wa viwanda. Mwingine anasema acheni hizo, dunia imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi. Nikarudi nyumbani kuifukua historia. Kumbe ubishi huu hata wasomi waliupiga!

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliandika kwamba ameona theluji kwenye mlima huo. Kuna wasomi wa Ulaya waliombeza: theluji karibu na ikweta? Wachaga walikuwa wanaiona kila siku. Mwaka 1912 barafu ilikuwa na kilomita za mraba kama 12. Ilipofika 2011 ilikuwa chini ya 2.

Mwaka 2002 watafiti kutoka Marekani wakatangaza kuwa barafu hiyo, ambayo sehemu yake ina umri wa zaidi ya miaka 11,000, inaweza kuisha kati ya 2015 na 2020. Dunia ikashtuka, mlima wetu ukaingia mpaka kwenye filamu.

Wenzao wakasema ngojeni kwanza. Kule kileleni ni baridi ya kugandisha karibu muda wote. Barafu inaliwa zaidi na jua kali, inageuka mvuke bila hata kuwa maji, halafu theluji mpya ni haba. Na ukame huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, viwanda havijachafua sana. Basi, wale wanaokataa kwamba binadamu anahusika wakashangilia!

Ila walishangilia mapema. Mlima mmoja sio dunia. Jua linapimwa kwa setilaiti tangu miaka ya 1970 na halijaongezeka ukali. Tena lingekuwa ndio mchawi, anga la juu kabisa nalo lingepata joto, lakini vipimo vinaonesha linapoa. Hewa ukaa je? Mwaka 1958 ilikuwa sehemu 315 katika milioni, sasa imepita 420. Ndiyo maana mwaka 2021 jopo la Umoja wa Mataifa likasema wazi kuwa binadamu ndiye aliyeipasha dunia joto.

Kwa hiyo kijiweni kila mtu alikuwa na kipande chake cha ukweli. 2020 imepita na barafu bado ipo, japo kiduchu. Tarehe ilikosewa, safari ya kuisha haijasimama.

Ila kilichonigusa zaidi ni hiki: maji yanayojaza mifereji ya migomba kule chini hayategemea sana barafu. Yanatoka kwenye msitu unaokamata mvua na ukungu. Sasa ukiuchoma moto msitu ule, ukakata miti ya mkaa, hapo utasingizia majira gani?

Haya mdau, wewe uko upande gani? Tiririka hapo chini, matusi hapana.