Diski Yako ya GB 100 ni Ahadi Tu

Ukikodi seva mtandaoni uambiwe imekuja na diski ya GB 100, usidhani kuna diski ya GB 100 mahali inakungoja. Mara nyingi ulichopewa ni namba kwa skrini. Nafasi yenyewe unakatiwa kidogo kidogo vile unaandika, kutoka kwa bwawa moja mnalochota watu wengi. Tulifikaje hapa?

Mwaka wa 1956 diski ilikuwa diski. IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu: sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzani kupita tani moja. Mzigo huo wote ulibeba herufi milioni 5. Picha moja tu ya simu yako ingeijaza. Na kwa miaka mingi sheria ilibaki hiyo: mashine na diski yake. Ikijaa, nunua kubwa. Ikikufa, pole.

1988, Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika kwamba diski nyingi za bei rahisi zikiungana zinaweza kushinda moja ya bei ghali. Shida ni kwamba ukiwa na nyingi, kila saa kuna moja inakufa. Wakapendekeza kuweka data ya ziada, ili zilizobaki ziweze kujenga upya kilichopotea. Hiyo ndiyo RAID.

1998, Heinz Mauelshagen akaandikia Linux programu ya LVM. Unatupa diski kadhaa kwa kundi moja, alafu unakata vipande vya saizi unayotaka. Kuanzia hapo, diski unayoona na chuma kilichoko chini vikaachana.

Kisha klasta. 2003, Google ilieleza mfumo wake: seva za kawaida, faili zimekatwa vipande vya MB 64, kila kipande nakala tatu kwa seva tofauti. 2006, Sage Weil na wenzake wa Santa Cruz wakaleta Ceph, ambayo haina daftari kuu la kuonyesha kila kipande kiko wapi. Kila mashine inapiga hesabu yenyewe.

Sasa hapo ndio ahadi inaingia. Msimamizi anajua watu wengi hawajazi nafasi zao, kwa hivyo akiwa na TB 40 anaweza kuahidi TB 100. Ni kama benki: pesa yako iko, mradi msiende wote siku moja. Bwawa likijaa, hata wewe uliyetumia GB 10 pekee unaweza kukataliwa kuandika.

Kitu cha pili ni makundi. Tuseme duka lako la mtandaoni lina voliumu mbili: moja ya oda, moja ya malipo. Ukipiga nakala ya oda saa sita kamili na ya malipo dakika moja baadaye, siku ya kurudisha utapata malipo ambayo hayana oda. Mteja amelipa, na wewe hujui alinunua nini. Ndio maana voliumu zinazotegemeana huwekwa kundi moja, zipigwe nakala kwa wakati mmoja.

Mimi sipingi ujanja huu. Bila huo kila mtu angelipia nafasi tupu, na msee anayeanza biashara na elfu mbili hangeweza. Shida yangu ni kimya. Tunauziwa namba, hatuambiwi nyuma yake kuna nini.

Kwa hivyo uliza anayekukodishia: mmeahidi mara ngapi ya mlichonacho? Bwawa likikaribia kujaa, nani anaambiwa? Voliumu zangu mnazinakili pamoja? Akikwepa, ushapata jibu. Na hata akijibu poa, weka nakala yako kwingine. Nakala tatu ndani ya klasta moja hazikuokoi ukifuta faili mwenyewe: zote tatu zinafutika.