Pentium 4 na Athlon XP: jinsi gigahezi zilivyotuzuga

Kila mtu anayetaka kununua kompyuta ya mitumba huniuliza swali moja kwanza: "Ina gigahezi ngapi?" Haniulizi ni prosesa gani, wala ni ya mwaka gani. Swali hili lina historia yake, na historia hiyo imekula pesa za watu wengi huku kwetu magharibi ya Kenya. Leo nawaletea historia hiyo kwa kulinganisha prosesa mbili zilizopambana mwanzoni mwa miaka ya 2000: Pentium 4 ya Intel na Athlon XP ya AMD.

Mbio zilivyoanza

Machi 6, 2000 AMD ilitangaza Athlon ya gigahezi 1. Intel ilijibu siku mbili tu baadaye kwa Pentium III ya kasi hiyo hiyo. Kuanzia hapo vita vikawa vya namba. Novemba 20 mwaka huo huo Intel ikatoa Pentium 4 za gigahezi 1.4 na 1.5, na matangazo yakaenda mbio.

Lakini watu walipozipima wakapigwa na butwaa. Athlon ya gigahezi 1.2 ilizishinda katika programu nyingi za kila siku. Hata Pentium III ya gigahezi 1 ilizikaribia, na mahali pengine ikazipita. Iweje mwenye saa ya haraka afike wa pili?

Mstari wa magunia

Mtu wa Trans-Nzoia ataelewa upesi. Fikiria ghala la mahindi wakati wa mavuno. Watu wamejipanga: mmoja anajaza gunia, mwingine anapima, mwingine anashona, mwingine anabeba mpaka kwenye lori. Ukiigawa kazi hiyo kwa watu 20 badala ya 10, kila mmoja anabaki na kijikazi kidogo, kwa hiyo mnaweza kupiga mapigo ya haraka zaidi. Hizo ndizo gigahezi.

Sasa katikati ya kazi dereva anapiga kelele: "Simamisheni! Hayo si mahindi yangu!" Mstari wote lazima uondolewe mzigo na kuanza upya. Mwenye watu 10 anapoteza kidogo. Mwenye watu 20 anapoteza maradufu.

Prosesa hufanya hivyo hivyo. Programu ikifika njia panda ("kama hivi, fanya hivi"), prosesa haisubiri, inabahatisha njia na kuendelea. Ikikosea, inatupa yote iliyokuwa imeanza. Pentium III na Athlon zilikuwa na hatua 10 hivi. Pentium 4 ya kwanza ilikuwa na 20. Intel iliurefusha mstari ili mapigo yapande, na kazi inayomalizika kwa kila pigo ikapungua.

Kanuni ni hii: kasi halisi ni mapigo mara kazi kwa kila pigo. Stika ya dukani ilikuonyesha namba moja tu kati ya hizo mbili.

AMD yaja na jina badala ya namba

Oktoba 9, 2001 AMD ilitoa Athlon XP na kuacha kuziita prosesa zake kwa gigahezi. Athlon XP 1800+ ilipiga megahezi 1,533 tu. Rasmi, ile 1800 ililinganishwa na Athlon za zamani, lakini kila mtu aliielewa kama "sawa na Pentium 4 ya gigahezi 1.8". Na kusema kweli, mara nyingi haikuwa chini ya hapo.

Tuwe waungwana lakini. Pentium 4 haikuwa takataka. Kazi ndefu zisizo na njia panda nyingi, kama kubadilisha video, iliziweza vizuri. Na Januari 2002 Intel ilipotoa Pentium 4 mpya yenye akiba ya kilobaiti 512 na mapigo ya 2.2, AMD ilianza kutoa jasho.

Shida kubwa ilikuwa Celeron, ndugu wa bei nafuu. Mwaka 2002 Intel ilichukua mstari mrefu wa Pentium 4, ikabakisha akiba ya kilobaiti 128 pekee, ikauza kwa gigahezi nyingi vile vile. Ni kama ghala lenye wafanyakazi wengi na chumba kidogo cha kuwekea mahindi: wanasubiri zaidi ya wanavyofanya kazi.

Huku kwetu ilikuwaje

Namjua mwalimu wa shule moja ya sekondari kati ya Kitale na Webuye. Wazazi walichanga pesa za mahindi ili wanafunzi wapate maabara ya kompyuta. Kamati ikaletewa bei mbili: Celeron ya gigahezi 2.4, na Athlon XP 2000+ ya 1.67. Mwalimu alitaka Athlon. Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Mwalimu, 2.4 na 1.67, kubwa ni ipi?" Mjadala ukaishia hapo. Huwezi kumlaumu mzee. Hesabu yake ilikuwa sawa. Namba aliyopewa ndiyo iliyokuwa nusu ya habari.

Jambo la pili ni joto. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Ukishuka kupitia Kiminini na Kamukuywa unavua sweta. Nimefanya kazi miji yote miwili, na mara nyingi nimesikia mafundi wakisema, "Mashine hii Kitale inaruka, Bungoma inalala."

Wengine walidhani ni virusi, lakini kuna sababu ya kweli. Pentium 4 ikipata joto kupita kiasi inajilinda kwa kuruka mapigo, wakati mwingine karibu nusu yake. Na Windows inaendelea kukuonyesha gigahezi zile zile! Mashine imesimama nusu ya muda na kioo kinakwambia mambo ni shwari. Athlon za zamani hazikuwa na ulinzi huo ndani yake: feni ikifa, nayo inaweza kuungua kabisa. Moja inakudanganya, nyingine inakufia. Chagua.

Hata hivyo nusu kilomita ya mwinuko peke yake haitoshi. Nilizozifungua mimi, kisa kilikuwa vumbi kwenye feni, pasta ya joto iliyokauka, na chumba chenye paa la mabati bila dari. Brashi na pasta mpya ziliponya mashine nyingi kuliko kuinstoli Windows upya.

Intel yapiga magoti

Februari 2004 Intel iliurefusha mstari tena, safari hii mpaka hatua 31. Walitumaini transista ndogo za nanomita 90 zitapunguza joto kama ilivyokuwa desturi. Badala yake umeme ulianza kuvuja hata transista ikiwa imezimwa. Mashine zikawa jiko. Oktoba 2004 Intel ilifuta Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wake Craig Barrett akapiga magoti jukwaani, nusu kwa utani, kuomba radhi.

Julai 2006 ikaja Core 2 Duo, iliyokua kutokana na prosesa za laptopu zilizosanifiwa Haifa, Israeli. Hatua 14, viini 2. Core 2 Duo E6600 ya gigahezi 2.4 iliziacha mbali Pentium 4 za 3.6. Ya kwanza ilikadiriwa wati 65, ya pili wati 115. Weka maabara ya kompyuta 20 zinazofanya kazi kwa nguvu zote: tofauti ni wati 1,000. Kwa saa 6 kwa siku, siku 5, hizo ni uniti 30 za stima kila wiki. Shule inailipa tofauti hiyo kila mwezi.

Marekani wanunuzi walienda mahakamani kuhusu jinsi kasi ya Pentium 4 za mwanzo ilivyotangazwa. Mwaka 2014 Intel ilikubali kuwalipa dola 15 kila mmoja bila kukiri kosa. Sisi wa mitumba, tulionunua mashine hizo hizo miaka kadhaa baadaye, hatukuwa kwenye orodha.

Namba imebadilika, mchezo ni ule ule

Siku hizi stika si gigahezi tena, ni "i7". Muuzaji atakuambia i7 inashinda i3, mwisho wa mazungumzo. Angalia basi: Core i7-2600 ni ya 2011, wati 95. Core i3-8100 ni ya 2017, wati 65, viini 4 kamili. Kwa programu inayotumia kiini kimoja, ile i3 inaongoza, na kwa kazi nyingi zinakaribiana. Isitoshe Windows 11 inaikubali rasmi i3-8100 na kuikataa i7-2600, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Kwa hiyo ukienda dukani, Kitale au Bungoma, uliza jina kamili la prosesa mpaka tarakimu ya mwisho, uliza mwaka wake, kisha mwombe muuzaji aiwashe na uifanyie kazi yako mwenyewe: fungua faili yako kubwa, endesha programu yako, iache ipate joto kwa dakika 20. Akikataa, maduka ni mengi.

Na kama uko kwenye kamati ya shule, mwalimu wa kompyuta apewe nafasi ya kumaliza maelezo yake kabla ya kupiga kura. Tuonane wiki ijayo.