Kutoka Upatu hadi Marejesho

Kabla mkopo wa kikundi haujapata ofisi, wakazi wa Manzese na Tandika, jijini Dar es Salaam, walicheza upatu. Kila mama hutoa kiasi kilekile. Zamu ikimfika hubeba kitita chote, akaongeza gunia la mkaa au unga wa maandazi. Hakuna mkataba. Anayekula zamu yake akatoweka, jina lake linabaki midomoni mwa majirani.

Benki zilikuwa mbali. Zilitaifishwa mwaka 1967, na hata sheria ya 1991 ilipofungulia mlango benki binafsi, muuza vitumbua hakuwa na hati ya nyumba ya kuweka rehani.

Taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE Tanzania, iliyoanza mwaka 1993, ilitumia mbinu iliyopata umaarufu kupitia Grameen Bank ya Bangladesh: watu watano wanadhaminiana, mmoja akikwama wenzake wanamlipia. BRAC, shirika lililotoka Bangladesh hiyohiyo, ikaja mwaka 2006, ikiwalenga wanawake. Genge na banda la chipsi vikapata mtaji, ni kweli. Lakini dhamana yenyewe ilikuwa aibu, na siku ya marejesho haikujali mvua wala msiba.

Labda ndiyo maana VICOBA, vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, vilipendwa. Wanachama hununua hisa, hukopeshana fedha zao wenyewe, na riba hurudi kwao mwisho wa mzunguko. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu tofauti.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikundi hivyo daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Wakopeshaji wa mitaani, wale wa “kausha damu”, nao bado wana wateja Mbagala.